Akiba haiozi, hata angani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu safari za vyombo vya anga. Nilipokuwa nikifundisha habari za sayari, mwanafunzi wa darasa la sita aliniuliza: "Mwalimu, injini ikizimika huko, nani anakwenda kuitengeneza?" Hakuna. Ndiyo maana dawa ya hitilafu hutafutwa kabla ya safari.

Chombo kinapoifikia sayari hakina budi kuwasha injini kama breki, ili kinaswe na mvutano wa sayari hiyo. Kisipopunguza mwendo, kitapitiliza. Mwaka 2004, Cassini, chombo cha Marekani na Ulaya, kilipofika Zohali, injini iliwaka kwa dakika 96 hivi. Lakini habari za redio kutoka huko zilichukua zaidi ya dakika 80 kufika duniani. Kama wataalamu wangesubiri kuambiwa kuna hitilafu, amri yao ingefika mambo yamekwishaharibika. Kwa hiyo waliweka injini mbili, na kompyuta ikaagizwa mapema: ya kwanza ikizimika, washa ya pili. Ya pili haikuhitajika.

Wapo wanaosema gharama hiyo ni ya bure. Nawaomba watazame Akatsuki, chombo cha Wajapani. Desemba 2010 kilipofika Zuhura, injini yake kubwa, nayo ilikuwa moja tu, ilipaswa kuwaka dakika 12. Baada ya dakika mbili na nusu hivi ikapata hitilafu. Chombo kikayumba, kompyuta ikaizima injini kama ilivyoagizwa, kikapitiliza. Lakini kilikuwa kizima. Wataalamu wakamwaga kemikali iliyohitajiwa na injini kubwa peke yake ili kupunguza uzito, wakakiacha kilizunguke jua. Desemba 2015 wakawasha injini ndogo nne, ambazo kazi yake ni kukigeuza na kukiweka sawa, kwa dakika 20 hivi. Kikanaswa, kikaichunguza Zuhura mpaka mawasiliano yalipokatika mwaka 2024.

Kwa maoni yangu, Wajapani walipoteza miaka mitano lakini hawakupoteza chombo, kwa sababu kuna mtu aliyeuliza mapema, "Ikishindikana je?" Mtu wa namna hiyo asiitwe mwoga wala mkatisha tamaa. Vyombo hivi hujengwa kwa fedha za wananchi, na swali lake lina faida likiulizwa chombo kingali chini.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kijijini.