Mtoto Asitoke Wodini Kabla ya Moyo Wake Kupimwa

Nimechoka na harambee za moyo. Sote hapa Kaaga tunazijua: ibada inakwisha, mzee wa kanisa anaomba watu wasitawanyike, mama anaitwa mbele na mtoto wake, barua ya daktari wa Nairobi inasomwa, kisha inatangazwa nambari ya M-Pesa. Watu wanatoa. Meru hatujapata kuwa wachoyo. Lakini hebu mtazame mtoto mwenyewe aliyesimamishwa pale mbele. Ana miaka sita na mwili wa mtoto wa mitatu. Ncha za vidole vyake zimevimba, midomo imepiga weusi. Alizaliwa na hitilafu hiyo ya moyo! Alidungwa chanjo, alipimwa uzito, kitabu chake cha kliniki kimejaa mihuri. Miaka yote hiyo hakuna aliyeusikiliza moyo wake?

Hatuna kisingizio cha kusema tiba haijulikani. Mwaka 1938 huko Boston, Robert Gross aliufunga mshipa ambao ungepaswa kujifunga wenyewe mtoto akishazaliwa. Mwaka 1944 huko Baltimore watoto waliogeuka buluu walianza kupasuliwa kwa mbinu aliyoihangaikia maabarani Vivien Thomas, Mmarekani mweusi ambaye hakuwahi kupata shahada ya udaktari. Hospitali ya Kenyatta ilianza upasuaji wa kufungua moyo mwaka 1973. Hospitali ya Mater ina mpango wake wa moyo tangu 1996, Tenwek kule Bomet wanapasua, na Dar es Salaam wana Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete tangu 2015. Mashimo mengine siku hizi huzibwa kwa katheta inayopitishwa kwenye mshipa wa paja, kifua kisiguswe. Wapasuaji tunao. Anayekosekana ni mtu wa kumtambua mtoto mapema.

Na mapema ndiyo roho ya jambo lenyewe. Karibu mtoto mmoja katika kila 100 huzaliwa na hitilafu ya moyo, na iliyo ya kawaida zaidi ni tundu katika ukuta wa vyumba vya chini. Siku ya kwanza shinikizo la damu mapafuni bado liko juu, kwa hiyo damu haipiti kwa nguvu kwenye lile tundu na daktari huenda asisikie chochote. Mama anapongezwa, anarudi nyumbani. Wiki zinapita, mapafu yanalegea, damu inayafurika. Mtoto ananyonya mara tatu, anaacha apumzike, paji la uso limelowa jasho. Zahanati inasema nimonia. Mwezi ujao, nimonia tena. Tundu likiwa kubwa na likaachwa, mishipa ya mapafu hukakamaa hadi inafika siku ambayo kuliziba ni kumuua mtoto. Harambee inaweza kutimiza kila shilingi, na daktari akatikisa kichwa. Hasira yangu iko hapo: tunachanga pesa kwa ajili ya mlango ambao tayari umefungwa.

Ninachodai kwanza si mashine ya mamilioni. Mtoto akitimiza saa 24, kihisi cha oksimita kinafungwa kwenye mkono wa kulia, kisha mguuni. Oksijeni ya damu ikiwa chini ya asilimia 90, mtoto haendi popote. Ikiwa kati ya 90 na 94, au mkono na mguu vikipishana kwa zaidi ya asilimia 3, anapimwa tena. Ni kazi ya dakika chache. Marekani waliuingiza upimaji huu katika orodha yao ya vipimo vya watoto wachanga mwaka 2011. Na kiwe kihisi cha watoto, si kile kibanio cha kidole tulichokizoea wakati wa Korona.

Oksimita haigundui kila hitilafu, na tundu kama lile mara nyingi hulikosa, najua. Ndiyo maana kliniki ya wiki sita isiwe ya sindano tu. Nesi ahesabu pumzi, atege stethoskopu kifuani, amtazame mtoto ulimi na ufizi, kwa sababu kwenye ngozi yetu ubuluu hauonekani shavuni.

Nimesikia wanaosema: tukimgundua, tutampeleka wapi, na Nairobi ni zaidi ya kilomita 200? Hilo ni jibu la mtu asiyewahi kulea. Mtoto aliyetambuliwa hupewa dawa ya kupunguza maji mapafuni, hufuatiliwa uzito, hupelekwa akiwa bado anaweza kupasuliwa. Afya iko mikononi mwa kaunti tangu 2013, na kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto haki ya matibabu. Hospitali ya Rufaa ya Meru na ile ya Embu ziwe na eko ya moyo ya watoto na mtu aliyefunzwa kuitumia kila siku ya kazi. Chuo Kikuu cha KeMU kiko papa hapa Kaaga na kinafunza wauguzi. Wafunzwe hili hadi walifanye wakiwa usingizini.

Mama, ukijifungulia Meru, Nkubu au Chogoria, usifunge virago kabla ya kuuliza: mmempima mwanangu oksijeni mkononi na mguuni? Wakisema hawana kihisi, andika jina la kituo na umpelekee mwakilishi wa wadi yako. Mwaka wa fedha wa kaunti huanza Julai 1. Mfuate kabla ya hapo, na usiende peke yako.