Mtaji wa Mafundi wa Matondoni

Tangu gati la kwanza la bandari ya Lamu lifunguliwe Mei 2021, uchumi wa visiwa hivi unazungumzwa kwa lugha ya mitambo, barabara na wawekezaji. Karakana za majahazi za kijiji cha Matondoni, kisiwani Lamu, zimeachiwa watalii wazipige picha. Kwangu mimi, hapo tumekosea hesabu.

Mwaka 1991 msomi Mmarekani Jay Barney alieleza kwamba kampuni hudumu mbele ya washindani kwa kile ilicho nacho ndani: kiwe na thamani, kiwe adimu, kiwe kigumu kuigwa, na kisiwe na mbadala. Nenda Matondoni ukapime. Fundi huunda jahazi bila mchoro. Hulizungukia gogo lililopinda, akalitazama, akajua litatoa taruma la upande upi. Kisha hushika tezo. Ujuzi huo hauuzwi dukani, na hata ukimlipa auandike, mwingi utabaki mikononi mwake. Mwanagenzi huupata kwa kushinda naye pwani miaka na miaka.

Tazama Flipflopi, jahazi la plastiki iliyookotwa, takriban tani 10, lililoshushwa majini Lamu Septemba 2018 na mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar. Malighafi ilikuwa ngeni kabisa, lakini Ali Skanda na mafundi wenzake waliifanyia kazi kwa ujuzi uleule wa mbao. Plastiki imejaa kila pwani duniani. Mafundi wa namna hiyo hawapatikani kila pwani.

Wapo wanaosema tuhamie boti za faiba. Ni kweli hazina taabu ya kukalafati, na mbao ngumu zimekuwa shida kupatikana. Mvuvi anayezichagua simlaumu. Lakini kalibu ya faiba yeyote mwenye fedha ataipata, na karakana ya Lamu ikishindania hapo itabaki kushindana kwa bei tu.

Baadaye Barney alisisitiza sharti jingine: kampuni iwe imejipanga kuitumia hazina yake. Hapa ndipo tulipo dhaifu. Kijana anayejifunza uundaji hukaa muda mrefu bila kipato cha kueleweka, ilhali bodaboda humpa fedha jioni ileile. Mzee akifariki, karakana hupoteza mtaji ambao hakuna benki itakayoukopesha. Kwa hiyo serikali ya kaunti ikitenga fedha za kuwainua mafundi, ianze na posho ya wanagenzi kwa muda wote wa kujifunza, na imlipe fundi mkuu kwa kufundisha. Mashine zisubiri.