Mbwa Achechemeapo Pasipo Jeraha

Katika vilima vya Kangundo, penye migomba na kahawa, mbwa hahesabiwi pamoja na mali, lakini usiku mali hailindwi pasipo yeye. Achechemeapo, watu husema, "Amepigwa jiwe," wakamwacha apone mwenyewe. Mara nyingi husema kweli. Lakini yako maradhi ambayo huanza kwa kuchechemea tu, nayo ni saratani ya mifupa.

Maradhi haya huwashika zaidi mbwa wenye miili mikubwa, na wengi wao wamekwisha kupita miaka saba. Hukaa hasa miguuni: mguu wa mbele, juu kidogo ya kifundo au karibu na bega, na mguu wa nyuma, karibu na goti. Mbwa huchechemea, akapata nafuu, kisha huchechemea tena, na mfupa ukavimba na kuuma. Mfupa ulioliwa hivyo waweza kuvunjika kwa kuruka mfereji tu. Ubaya mkubwa hauonekani kwa macho: katika mbwa walio wengi, siku uvimbe utambuliwapo, mbegu zake zimekwisha kufika mapafuni. Ndiyo sababu mbwa aliyekatwa mguu bila dawa nyingine kwa kawaida huishi miezi minne au mitano. Akiongezewa dawa za saratani aweza kufikia karibu mwaka mmoja. Paka hupatwa mara chache, naye ana bahati kuliko mbwa, kwani kwake maradhi hayaendi upesi mapafuni. Paka wengi waliokatwa mguu wameishi miaka miwili na zaidi.

Yako na maradhi mengine, ndugu ya hayo. Kuna mnyoo mwekundu uitwao Spirocerca lupi, ambao M. Murray aliandika habari zake katika Kenya mwaka 1968. Mayai yake hutoka katika mavi ya mbwa, na dundu wafingirishao mavi huyala. Kuku au mjusi humla dundu. Kisha mbwa hula dundu mwenyewe, au mjusi, au matumbo mabichi ya kuku. Mnyoo husafiri katika ukuta wa mshipa mkubwa wa damu hata kufika kwenye umio, ukafanya kivimbe humo. Katika baadhi ya mbwa kivimbe hugeuka kuwa saratani, na pengine huotesha mfupa mahali pasipokuwa na mfupa. Mbwa hutapika chakula, hudondosha mate, hukonda; hata mifupa ya miguu yaweza kuvimba, ingawa ugonjwa umo kifuani.

Hapa pana hatari kwa watu pia. Tuseme mzee amwona mbwa wake hawezi kumeza, mate yanamtoka. Mjukuu asema, "Babu, labda amekwamwa na mfupa, niutoe." Mzee hana budi kumzuia. Katika Machakos kichaa cha mbwa si hadithi ya kale, nacho huanza vivyo hivyo. Mkono usiingie kinywani; mbwa afungiwe mahali, na bwana mifugo aitwe. Aliyeumwa, au aliyeguswa na mate penye jeraha, aoshe mahali pale kwa maji na sabuni muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile.

Mambo ya kujikinga si ya gharama. Matumbo ya kuku yapikwe au yafukiwe, na mavi ya mbwa yafukiwe kabla dundu hawajayafikia. Mbwa achechemeaye zaidi ya majuma mawili aonwe na daktari wa mifugo. Picha ya eksirei itaonyesha hali ya mfupa, na waganga wa Chuo Kikuu cha Nairobi, huko Kabete, wamezoea kazi hiyo. Asipewe vidonge vya maumivu vya binadamu. Parasetamoli kidogo tu huua paka.

Na ikiwa fedha hazitoshi, si aibu kumwomba daktari amlaze mbwa usingizi wa mwisho. Kumwacha alie usiku kucha si huruma. Aliyelinda boma miaka minane astahili kutolewa maumivuni kwa sindano ya daktari, wala si kwa rungu.