Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: nyuzi ngapi ndani ya gari la wagonjwa?



Moyo wa mtu ukisimama nyumbani au barabarani, anayefika wa kwanza hana nafasi ya kutafuta kipimajoto. Abonyeze kifua, na kama mashine ya kushtua moyo ipo, itumike. Hilo halina ubishi. Ombi la barua hii linahusu dakika zinazofuata, mgonjwa akishakuwa mikononi mwa wahudumu.

Mwaka 1999, karibu na Narvik nchini Norway, daktari Anna Bågenholm alinasa chini ya barafu ya kijito alipokuwa akiteleza kwenye theluji. Alikaa majini dakika 80. Alipofikishwa hospitali ya Tromsø, joto la mwili wake lilikuwa nyuzi 13.7. Kwa macho alikuwa maiti. Madaktari walimuunganisha na mashine ya moyo na mapafu, wakampasha joto kidogo kidogo, naye baadaye akarudi kazini.

Baridi ya namna hiyo hubadilisha hata tiba. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2021 ulisema mwili ukiwa chini ya nyuzi 30, adrenalini isubiri, na mishtuko ya umeme isizidi mitatu mpaka joto lipande. Sasa mwokoaji aliye Kilimanjaro, usiku wa kuelekea kilele cha mita 5,895, atajuaje? Kipimajoto cha kioo huanzia nyuzi 35. Zebaki ikibaki chini ya alama ya kwanza, mwenye nyuzi 34 na mwenye 26 hawatofautiani. Kile cha kulenga paji la uso, tulichokizoea wakati wa Uviko-19, husoma ngozi tu. Kwa mgonjwa aliyewekewa mpira wa hewa, kinachoaminika ni waya mwembamba wenye kihisi, unaoshushwa ndani ya umio.

Dar es Salaam shida ni nyingine: homa baada ya moyo kurudi kupiga. Kumpoza mgonjwa kulisifiwa sana tangu mwaka 2002, hata wahudumu wa Seattle nchini Marekani wakajaribu kumwaga dripu ya nyuzi 4 wakiwa bado njiani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 hayakuonyesha nafuu yoyote ya kuishi, na mioyo mingi zaidi ilisimama tena kabla ya kufika hospitali. Utafiti mkubwa wa mwaka 2021 nao haukuona faida ya kushusha joto hadi nyuzi 33 kuliko kuzuia homa tu. Habari njema kwa bajeti, maana kuzuia homa hakuhitaji barafu. Kunahitaji kupima, na kurudia kupima.

Hospitali ya Muhimbili ina idara ya tiba ya dharura tangu mwaka 2010. Wataalamu wa kuandika mwongozo wapo. Tunaomba uagize mambo mawili: kila gari la wagonjwa liwe na kipimajoto kinachosoma chini ya nyuzi 30, na fomu ya makabidhiano iwe na nafasi ya kuandika joto, saa lilipopimwa na sehemu ya mwili lilipopimwa.