Wazazi, Homa ya Mtihani Tunawaambukiza Sisi



Ndugu wazazi, kila inapofika mwanzoni mwa Novemba nyumba zetu hapa Uganda huingia homa, na si malaria. Ni mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, huu tunaouita PLE. Mtihani wenyewe ni wa siku mbili tu. Siku ya kwanza ni Hisabati asubuhi na Maarifa ya Jamii mchana, siku ya pili ni Sayansi asubuhi na Kiingereza mchana. Masomo manne basi. Lakini ukiyatazama tunayoyafanya siku hizo, utadhani mtoto anapelekwa kuhukumiwa.

Tumekuwa tukiambizana katika vikao vya wazazi kwamba watoto wa siku hizi ni waoga, hawana subira, imani zao ni dhaifu. Sisi hatukubaliani na maneno hayo. Woga wa asubuhi ya mtihani, kwa sehemu kubwa, mtoto huupatia nyumbani, na wanaompa ni sisi wenyewe.

Hebu tuitazame asubuhi hiyo. Mtoto anaamshwa saa tisa usiku ati apitie kidogo. Baba ameshika daftari anauliza, mtoto akikosea baba anaguna. Mama amekaanga mayai manne na anamlazimisha ayamalize, wakati siku zote mtoto huyu anakunywa chai na chapati moja. Shangazi anapiga simu kutoka Jinja: "Usituaibishe." Baba mdogo aliyeko Dubai ameahidi baiskeli, lakini kwa sharti la kupata jumla ya 4, yaani alama ya juu kabisa katika masomo yote manne. Dada mkubwa anamkumbusha kuwa yeye alipata 7. Halafu mtoto akiwa ameshavaa viatu, baba anamalizia: "Unajua ada yako tumeilipa kwa taabu gani?" Mtoto wa miaka 12 au 13 anatoka mlangoni amebeba kalamu, rula na ukoo mzima.

Mwaka mmoja tulimshuhudia mtoto wa mtaani kwetu akitapika nje ya kituo cha mtihani. Mmoja wetu akasema ni hasadi. Mwingine akakimbilia maji ya kusomewa. Subhanallah, hakuna hata mmoja aliyeuliza kama mtoto amelala! Baadaye mama yake alitwambia kuwa usiku ule alilala masaa mawili.

Hofu ikimjia mtu, moyo huenda mbio, mdomo hukauka, tumbo husokota. Mwili unajiandaa kukimbia au kupigana, ndivyo Mwenyezi Mungu alivyouumba. Kidogo chake kina faida, kwani humwamsha mtu. Kikizidi, akili inashughulika na hofu yenyewe na nafasi ya kufikiri hesabu inapungua, hata swali analolijua mtoto analisoma mara tatu asilielewe. Tena usingizi ndio wakati ubongo unapoyapanga na kuyatuliza yale yaliyosomwa. Kwa hiyo anayemwamsha mwanawe saa tisa hamwongezei kitu, anampunguzia.

Na kalamu je? Siku hizi kalamu zinakusanywa zisomewe kabla ya mtihani. Hatuingii hapa katika ubishi wa kombe na mengineyo, wenye elimu wapo. Dua ni haki yetu na tuiombe kwa wingi. Swali letu ni dogo tu: mtoto aliyeambiwa kwamba baraka imo ndani ya kalamu ile, wino ukimkatikia katikati ya Hisabati atafanya nini?

Watoto wetu wanajifunza madrasa dua aliyoiomba Nabii Musa (a.s.) alipotumwa kwa Firauni. La kwanza aliloliomba ni kukunjuliwa kifua chake. Je, kuna aliyethubutu kumwambia kuwa imani yake ni dhaifu? Mtoto akisema "kifua kinanibana", mfundisheni dua ile, na msimkemee.

Tunajua watakaosema tunawalea watoto kwa ulegevu, na kwamba mtihani huu ndio unaoamua shule ya sekondari. Ni kweli unaamua, na ndiyo maana tunasema haya. Lakini kazi ya mtihani hufanywa mwaka mzima. Asiyemfunga ngamia wake tangu Februari hatamfunga usiku wa manane.

Basi mtoto alale mapema. Mfuko upangwe jioni: kalamu mbili au tatu, penseli, rula, seti ya jometri. Aamke kwa swala ya Alfajiri, ambayo Novemba hapa Kampala huingia baada tu ya saa kumi na moja, na huo ni wakati wa kutosha. Ale alichozoea. Atoke mapema kwa sababu ya foleni za barabarani. Simu za mashangazi zingoje. Akiona moyo unadunda ndani ya chumba, atulie, avute pumzi polepole na kuitoa polepole zaidi, mara tano au sita, kisha aanze na swali analoliweza.

Kuna jambo jingine. Mwaka 2011 Gerardo Ramirez na Sian Beilock wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha katika jarida la Science utafiti ulioonesha kuwa wanafunzi wenye hofu kubwa, walipoandika hofu zao kwenye karatasi kwa dakika 10 kabla ya mtihani, walifanya vizuri zaidi. Ikiwa karatasi ilisaidia, basi na mtoto apate wa kumwambia "naogopa" bila kujibiwa kwa hotuba. Na hili akina baba linatuhusu zaidi, maana wengi wetu kazi yetu ni kuuliza matokeo tu.

Jioni ya siku ya kwanza ndipo tunapoharibu tena. Mtoto hajavua viatu, tumeshaanza kumuuliza maswali ya Hisabati: "Hili uliandika ngapi?" Karatasi imeshakusanywa, jibu halibadiliki tena, na kesho kuna Sayansi na Kiingereza. Mpeni chakula, mwacheni acheze kidogo na wadogo zake, alale.