Mgeni Njoo, Kozi Apone

Kama unapanga safari ya mbali mwezi wa Oktoba au Novemba, nina ombi kwako. Na kama huna hata nauli ya kuvuka mkoa, ombi hili linakuhusu vilevile, kwa sababu ndege ninaowasemea huenda wakapita juu ya paa lako bila kukudai kiingilio.

Ndege hao ni kozi wa Amur. Ni mbuai wadogo. Uzito wao haufiki gramu 200. Dume ni wa kijivu cha masizi, mapaja yake yana rangi ya kutu, na akiruka sehemu ya chini ya mabawa yake huonekana nyeupe. Jike ana kifua cheupe chenye michirizi myeusi. Huzaliana mashariki mwa Siberia, Mongolia na kaskazini mwa China, na baridi ikikaribia hufunga safari kwenda kusini mwa Afrika. Kwenda na kurudi ni zaidi ya kilomita 20,000 kila mwaka.

Kuanzia katikati ya Oktoba hadi katikati ya Novemba husimama kaskazini-mashariki mwa India. Kituo chao kilichopata sifa kuliko vyote ni bwawa la Doyang katika jimbo la Nagaland, wilaya ya Wokha, jirani na kijiji cha Pangti. Wenyeji ni Walotha, mojawapo ya makabila ya Wanaga. Hapo kozi hukusanyika kwa mamia ya maelfu. Mchana hutawanyika kuwinda wadudu, hasa kumbikumbi wanaotoka ardhini baada ya mvua. Jioni hurudi kulala pamoja kwenye miti, wamebanana tawi kwa tawi, na kukipambazuka hunyanyuka kwa makundi ambayo jicho halimalizi kuyahesabu.

Hapo Doyang hawaendi kupumzika tu. Wanajaza mafuta mwilini, maana mbele yao kuna kazi ngumu kuliko zote: kuvuka bara Hindi, kisha bahari yenyewe, zaidi ya kilomita 3,000 juu ya maji bila mahali pa kutua, mpaka pwani ya Somalia. Majira hayo ndiyo kaskazi inapoanza kuvuma, na kozi nao husukumwa na upepo unaokwenda upande wanaouendea. Wataalamu wanadhani kwamba njiani hula kereng'ende wanaovuka bahari hiyo wakati uo huo. Hata hivyo akiba kubwa ni ile waliyoiweka mwilini kwa wiki chache walizokaa kando ya bwawa. Naomba ulishike jambo hilo, kwa sababu karibu kila ninalokuomba linatokana nalo.

Mwaka 2012 kituo hiki kilikuwa machinjio. Wavuvi walitundika nyavu zao za samaki juu ya miti na kwenye njia za kuingilia malaloni, na kozi walinaswa wakiruka kwenda kulala au wakiamka. Walinyonyolewa, wakakaushwa kwa moshi, wakabebwa kwenda kuuzwa. Waandishi na wahifadhi waliofika hapo, akiwamo mwanahabari Bano Haralu wa Nagaland, walirekodi mambo hayo na kukadiria kwamba ndege 12,000 hadi 14,000 waliuawa kila siku. Msimu mzima hesabu ilifika zaidi ya 120,000. Picha zilienea duniani na watu wakashtuka.

Tusikimbilie kuwahukumu wavuvi hao. Bwawa la kuzalisha umeme lilipojengwa, maji yalifunika mashamba mazuri ya bondeni na wakulima wakageuka kuwa wavuvi. Kisha anga ikaanza kuwaletea, kila Oktoba, maelfu kwa maelfu ya ndege wanaonaswa kwa nyavu zile zile. Kwa familia iliyopoteza shamba, hiyo ilikuwa ada ya shule na chakula cha miezi. Mzazi yeyote anajua uzito wa hesabu hiyo.

Ndiyo maana yaliyofuata ni makubwa. Mwaka 2013 mabaraza ya vijiji vya Pangti, Asha na Sungro yalipiga marufuku uwindaji huo. Wachungaji walilisema kanisani, watoto walifundishwa shuleni, serikali ya jimbo ikasimama nao, na waliokuwa wakitega nyavu wakageuka walinzi. Msimu huo hakuna kozi aliyeripotiwa kunaswa Doyang. Machinjio yalifungwa ndani ya mwaka mmoja, na kilichoyafunga hasa ni uamuzi wa wanakijiji wenyewe. Mwezi wa Novemba mwaka huo kozi watatu walifungwa vifaa vya satelaiti vya gramu 5 na kupewa majina ya nyumbani: Naga, Wokha na Pangti. Kijiji kilichokuwa kikiuza kozi waliokaushwa kikaanza kufuatilia habari za kozi wake hadi Afrika.

Lakini uamuzi huo ulikuwa na gharama, na gharama hiyo hailipwi kwa makofi ya dunia. Aliyeweka wavu chini bado ana watoto wa kusomesha. Hapa ndipo utalii unapoingia, na hapa ndipo penye wito wangu. Wahenga wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ukienda Doyang, nenda kwa namna itakayomponya mwenyeji, na mwenyeji atamponya kozi. Ukienda kwa namna nyingine yoyote, umekwenda kuangalia tu wema wa watu maskini ukiwa umeshiba.

Kwa vitendo maana yake ni hii. Lala kijijini, katika nyumba za wenyeji zinazopokea wageni, hata kama hoteli ya mjini ina maji ya moto zaidi. Mchukue kijana wa hapo akuongoze, na umlipe mapatano yote bila kumpunja. Toa ada inayotakiwa na kijiji au na wenye ardhi ambako ndege hulala. Ardhi ya huko ni mali ya familia na koo, si ya serikali, kwa hiyo mti unaosimama kuutazama una mwenyewe. Nunua chakula chao, kahawa yao, vikapu vyao. Kabla ya kukata tiketi, uliza vibali vya kuingia Nagaland, maana ni jimbo la mpakani na taratibu zake kwa mgeni hubadilika. Ndege ya abiria itakushusha Dimapur; kutoka hapo ni barabara ya milima hadi Wokha, na usipange kufika na kuondoka siku moja. Kumbuka pia kwamba jua huchwa mapema huko. Mwezi wa Novemba, saa kumi na nusu jioni giza limeanza kubisha hodi, na Jumapili ni siku ya kanisa, shughuli nyingi husimama.

Ukifika malaloni, tawala miguu yako na kamera yako. Simama pale mwongozaji anapokuonyesha, usisogee hata kama mwenzako amesogea. Zima mwanga wa kamera. Acha droni nyumbani, usiipakie kabisa, kwa sababu kozi akiona kitu kinachoruka juu yake hujua jambo moja tu, kwamba anawindwa. Usipige muziki, usipige kelele za furaha, usifyatue fataki. Zaidi ya yote, usimwombe kijana apige makofi au arushe jiwe ili kundi liruke upate picha. Kila mara ndege wanaposhtuliwa huunguza sehemu ya mafuta waliyokuja kuyaweka. Wewe unaondoka na picha. Kozi anaingia baharini na akiba pungufu, na katikati ya Bahari Hindi hakuna pa kukopa.

Kuna adabu nyingine, ya ulimi. Usimfuate mzee wa Pangti ukamtaka akusimulie alivyokuwa akiua, kana kwamba toba yake ni sehemu ya tiketi yako. Akitaka kusema, atasema. Akinyamaza, mwamkie na umshukuru kwa kulinda. Mtu aliyeacha riziki yake kwa hiari anastahili heshima kuliko maswali. Na ukipiga picha za watu, omba ruhusa kwanza, kama ambavyo ungetaka uombwe ukiwa kibarazani kwako.

Nasema haya nikijua kwamba kwetu nako tumeona utalii unaokwenda mrama. Ukingoni mwa Mto Mara, msimu wa nyumbu, magari hujipanga hadi wanyama wakakosa njia ya kushuka majini, kwa sababu tu kila dereva ameahidiwa bakshishi na kila abiria anataka kuwa mbele. Dereva mmoja akikaidi kanuni, wengine humfuata. Lakini pia tumeona upande wa pili: jumuiya za hifadhi za wanyamapori huko Tanzania na hifadhi za jamii kandokando ya Maasai Mara, ambako mapato ya wageni hurudi kwa wenye ardhi na wenye ardhi hupata sababu ya kumvumilia mnyama. Masomo yote mawili tunayo. Kwa hiyo wakala wa safari atakayewapeleka Waswahili Nagaland asiseme hakujua.

Sasa nirudi kwako wewe usiye na nauli. Kozi hawa huja wenyewe. Kati ya Novemba na Desemba, mvua za vuli zikinyesha, makundi yao hushuka kutoka Somalia, hupita Kenya na mashariki mwa Tanzania, na kuendelea hadi Afrika Kusini, ambako hulala kwa maelfu kwenye mikaratusi mirefu ya miji kama Mooi River na Newcastle. Tsavo ni mahali pazuri pa kuwatazamia. Huko Ngulia, Tsavo Magharibi, wataalamu wamekuwa wakiwafunga pete ndege wahamaji tangu mwaka 1969. Kozi hawakai huku kwa wiki nzima kama Doyang. Hupita haraka wakifuata mvua na kumbikumbi, leo wapo, kesho hawapo. Lakini ukiona baada ya mvua kubwa kundi la ndege wembamba wenye mabawa yaliyochongoka wakizunguka juu ya kumbikumbi, simama, tazama vizuri. Huenda ni wale wale waliolindwa na watu wa Pangti mwezi mmoja uliopita. Aprili na Mei, kusi inapoanza, hupita tena wakirudi kwao kuzaliana.

Basi wito wangu haumhusu mtalii peke yake. Mwalimu, wanafunzi wako wanajua twiga kwa moyo. Wafundishe na huyu mgeni wa vuli. Mkulima, kozi hula panzi, nzige na kumbikumbi bila kukudai chochote, kwa hiyo pima mara mbili kabla ya kupuliza sumu wakati makundi yanapita, kwa sababu mdudu mwenye sumu ndiye chakula chake. Kijana mwenye manati, lenga embe, si kozi. Mwongoza watalii, jifunze kumtambua kozi huyu kwa jina na kwa rangi, uweze kumwonyesha mgeni anayedhani Tsavo ni tembo tu. Mtazamaji mwenye simu, kile ulichokiona kiandike, tarehe na mahali, ukipeleke kwenye ramani ya ndege ya Kenya au kwa watunza kumbukumbu za ndege wa Tanzania. Jumuiya kama Nature Kenya na Nature Tanzania hupokea wanaoanza na wabobezi sawasawa. Na ukiokota ndege aliyekufa mwenye pete mguuni, usiitupe pete. Namba yake ipeleke Makumbusho ya Taifa Nairobi au kwenye ofisi ya wanyamapori iliyo karibu nawe, kwani kwa namba hiyo safari nzima hujulikana.

Viongozi nao wana fungu lao. India, Kenya na Tanzania zote ni wanachama wa Mkataba wa kuhifadhi wanyama wahamaji. Sahihi hiyo ina maana pale tu ambapo malalo yanajulikana, miti mirefu haikatwi ovyo, na sumu za mashambani zinadhibitiwa. Waulizeni wawakilishi wenu, kwa upole lakini bila kuchoka, malalo ya kozi katika wilaya zao yako wapi na nani anayalinda. Baraza la kijiji cha milimani, lisilo na utajiri wala jeshi, lilipata jibu la swali hilo ndani ya mwaka mmoja.

Kabla ya Oktoba ijayo, chagua jambo moja unaloliweza. Mwenye uwezo wa kusafiri aweke akiba, apange kulala Pangti, aende na darubini na mkono ulio wazi. Asiye na uwezo huo amtafute mwenzake mmoja, wakubaliane asubuhi moja ya Novemba baada ya mvua, watoke nje, wainue macho, na waandike walichokiona. Na sote tukatae, kwa sauti, kila picha ya kozi iliyopatikana kwa kumshtua. Karibuni tuwapokee wageni hawa kwa adabu ile ile tunayoitaka tunapokuwa ugenini.