Nyanya akianguka, usimkande nyonga

Nyanya akiteleza bafuni kule Kangemi, watu wa nyumbani kwanza huitisha mafuta ya kukanda. Wiki yapita, bado hawezi kusimama, nao wasema ni uzee. Sivyo!

Mtazame akiwa amelala chali. Mguu mmoja ukiwa mfupi kuliko mwenzake na wayo umegeukia nje, yaelekea shingo ya mfupa wa paja imevunjika. Mishipa inayolisha kichwa cha mfupa hupita hapo hapo. Ikikatika, kichwa chaweza kufa, na hakuna mafuta yatakayokifufua. Usimsimamishe. Mbebe akiwa amelala, umpeleke Kenyatta, au PCEA Kikuyu ambako si mbali nanyi, apigwe eksirei. Kijana huungwa kwa skrubu. Mzee mara nyingi hutiwa kiungo cha chuma, na huenda kesho yake akasimamishwa. Asipopasuliwa akalazwa majuma mengi, vidonda na nimonia ndivyo vinavyoua.

Abiria wa matatu hupatwa na balaa jingine. Gari likigongana, goti hugonga kiti cha mbele, nyonga ikateguka kwa nyuma. Mguu wa huyu hugeukia ndani. Kiungo chake chafaa kurudishwa kabla ya muda wa saa 6 kupita, tena akiwa amepewa dawa ya usingizi. Yule fundi wa kuvuta mifupa mtaani ana sifa zake, lakini hapa hafai.

Na bafuni mwa nyanya, tandika mkeka wa mpira leo.